Bendi au DJ ukumbini? Kamati imetushinda

Mtarajiwa_Sinza: Wakuu shikamooni. Harusi ni Desemba, ukumbi tushalipia advansi. Kikao cha juzi watu nusura wakunjane mashati, mwenyekiti anataka bendi ipige zilipendwa za bendi kongwe, Msondo na Sikinde, bi harusi mtarajiwa hataki kusikia, anataka DJ. Hela ya vyote viwili hakuna. Mnanishauri nini? Matarumbeta tumeshayafuta, hatutaki uswahili.

Mama Kumekucha: Hatutaki uswahili!! Kwani Sinza imehamia Ulaya lini? Yaani bibi harusi atoke saluni kimyakimya kama anaenda benki? Mimi yangu walikuja na kigari cha Kirikuu wamejibana nyuma na ngoma lao kubwa, jamaa wa tarumbeta mashavu yamemvimba, mtaa mzima ukatoka, mpaka mwenye genge aliacha nyanya zake. Hiyo DJ anaiweza?

Kaka Mkubwa Tabata: Bendi. NUTA Jazz ndo hiyohiyo Msondo, imeanza 67, hao watoto wa DJ walikuwa wapi?

dogo_fundi: 67 ni Azimio la Arusha kaka 😂 NUTA Jazz ni 1964.

Kaka Mkubwa Tabata: Ulikuwepo? Shida yenu mnasoma kwenye simu halafu mnakuja kufundisha wakubwa.

dogo_fundi: Sijakuvunjia heshima kaka, ila mi nafunga spika kwenye kumbi kila Jumamosi. Kadi inasema saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa tatu, hapo kuna keki, shampeni, kutambulisha ukoo mzima mpaka shangazi wa Mbeya, foleni ya zawadi, na saa sita meneja wa ukumbi anazima taa. Bendi mnaikodi ipige nyimbo mbili tatu, na zile zinapiga dakika kumi na kitu kila mmoja. Na ukumbi wenye bati na vigae, gitaa likigonga ukuta linarudi na mwangwi, MC hasikiki. DJ anazima anawasha MC akitaka.

Mpemba Mtulivu: Nyie bara mnajitesa bure. Leteni taarab. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, watu wamekaa na adabu zao, mwenye kuguswa anainuka anatunza.

Mama Kumekucha: Taarab ya siku hizi na mipasho yake? Wifi na mke mwenza wa zamani wakiwa meza moja mtaita polisi.

Mpemba Mtulivu: Nimesema Ikhwani Safaa bibie, sikusema rusha roho. Usichanganye.

Mkatoliki_Mbezi: Matarumbeta mi nayapenda ila parokiani kwetu Jumamosi ndoa zinapishana, nyie mnapuliza getini huku ndani wenzenu wanakula kiapo. Paroko alitoka mwenyewe kuwafukuza.

Mama Kumekucha: Sasa paroko anaingiaje hapa. Hivi mnajua hata singeli mliyokuwa mnaicheka ya Manzese na Tandale leo ndo mnavulia viatu ukumbini? Uswahilini ndo kunawalisha muziki halafu mnaona aibu.

Mtarajiwa_Sinza: Dada jamani nimeuliza bendi au DJ 😩

Mama Kumekucha: Futa kwanza hilo neno la uswahili.

Mweka Hazina: Mnaongea sana, nani kamaliza ahadi? Mwenyekiti anayetaka bendi kaahidi laki tano mwezi wa sita mpaka leo katoa hamsini. Asiyetoa asichague muziki.

Kaka Mkubwa Tabata: Kwa hiyo mwenye hela ndo anaoa? Sisi zamani mchango ulikuwa mchele na kuni na bendi ilikuja.

dogo_fundi: Bendi ilikuja kwa kuni kaka?

Mweka Hazina: 😂😂

Bint_Mwananyamala: Samahani, huyo wa Kirikuu bado anapiga? Nina sendofu wiki ijayo, anachukuaje kutoka saluni mpaka ukumbini tu?

Mama Kumekucha: Njoo inbox mdogo wangu.