PS1 halisi au ile ndogo ya 2018? Nataka kuzirudia gemu za mwanzo

Kona Kali: Wakuu, naomba ushauri, muuzaji anataka jibu Ijumaa. Nataka kuzirudia gemu za mwanzo za PlayStation ya kwanza (PS1), ilipoingia Marekani na Ulaya 1995: Ridge Racer, Toshinden, Rayman, WipEout. Nimepata PS1 iliyotumika, na mwingine anauza ile ndogo ya 2018 (PlayStation Classic) yenye gemu 20 ndani. Nichukue ipi?

Fundi Tanga: Mkuu, mbona hujasema kitu? Hiyo PS1 imetoka nchi gani? Namba iliyoandikwa chini yake ni ipi? TV yako ni ya chogo au flati? Inakuja na CD?

Bi Padi: Na bei hujaweka. Ila jua mapema: ile ndogo haina Ridge Racer ya kwanza, ina Ridge Racer Type 4. WipEout haimo kabisa. Katika ulizotaja utapata Toshinden na Rayman tu.

Kona Kali: Namba sijaiona. Anasema "imetoka nje". TV ni flati.

Msafiri wa Kale: Hilo neno "imetoka nje" ndilo lililoniliza mimi. Mjomba alinirudia na PS1 kutoka Marekani, niko darasa la sita. Wiki nzima nilikuwa nasimulia shuleni. Siku ya siku watoto wa mtaa wamejaa sebuleni, nikachomeka ukutani kwa adapta. Kule umeme wao ni volti 120, wetu 230, na sisi hatukulijua hilo. Ikalia pu! Moshi, harufu ya plastiki, mama akakimbilia swichi kubwa. Fundi alipofungua alikuta bodi ya umeme imeungua. Miezi minne nilikuwa natoa CD ya Ridge Racer, naifuta, naitazama, nairudisha. Mpaka leo sichomeki kitu kabla ya kusoma maandishi ya nyuma.

Fundi Tanga: Pole sana kaka. Kona Kali, tafuta ya Uingereza, umeme wao ni kama wetu. Lakini zile za kwanza kabisa, zenye namba 1001 na 1002, reli ya lenzi inayosoma CD ni ya plastiki, inalika. Video zinakatakata, watu wakawa wanazigeuza chini juu ndipo zisome. Ukipata 7502 chukua.

Bi Padi: Ya Ulaya picha yake ni 50Hz (mara 50 kwa sekunde, si 60), gemu nyingi zinakwenda polepole. Ingawa hata Toshinden ya ile ndogo ni toleo la Ulaya hilo hilo. Mimi ningechukua emuleta (programu inayoiga PS1) kwenye laptop, nikamaliza.

Mzee wa Drifti: Emuleta haikupi raha ya Ridge Racer! Gemu yote inaingia kwenye memori, unatoa CD na kuweka muziki wako. Nilikuwa natelezesha kona kwa taarab ya mama. Na ile gemu ndogo ya Galaxian inayotokea wakati wa kupakia, ukiangusha meli zote unapewa magari mengine 8.

Bi Padi: Magari mengi, barabara moja! Unaipita, wanairefusha kidogo, kisha unaikimbia kinyume. Rayman ndiyo gemu.

Mzee wa Drifti: Dada, barabara moja uijue kona kwa kona ni bora kuliko kumi usizozikumbuka. Na Rayman umeimaliza?

Bi Padi: Sijaimaliza, nakiri. Lazima ufungue vizimba vyote ndipo ufike kwa Mr Dark, adui mkuu. Vimenibaki viwili tangu sekondari.

Msafiri wa Kale: Viwili vipi? Mimi kimenishinda kile cha mapango.

Kona Kali: Wakuu, picha imefika. SCPH-1001.

Fundi Tanga: Hiyo ni ya Marekani. Usichomeke! Muulize kama anatoa na mashine ya kupunguza umeme, na akurekodie video lenzi ikisoma.

Kona Kali: Nimemuuliza, bado kimya. Kwani WipEout ya Ulaya itakubali humo?

Fundi Tanga: PS1 ya Marekani haisomi CD za Ulaya, bila kufungwa chipu ya kuondoa kizuizi hicho haikubali.

Mzee wa Drifti: Nani ana CD halisi ya WipEout? Mimi nahitaji pia.