Kachovya kidole kwenye losheni yangu, kanusa, kajifuta kwenye PAZIA

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule mjuaji wetu wa mitishamba, sina haja ya kumtaja, wote mnamjua, leo kanidhalilisha mbele za watu. Kachovya kidole kwenye kopo langu, kanusa, kajifuta kwenye pazia, halafu anatangaza: "Hii ni dawa ya kupe."

Dawa ya kupe! Majani ya mwarobaini nimeyakausha kivulini, nikayaloweka kwenye ethanoli ya asilimia 70, nikachuja mpaka kitambaa kikaomba likizo. Mafuta sufuria yake, maji sufuria yake, vyote vimefika nyuzi 70 na ushee ndipo nikavikutanisha na nta ya kuvishikanisha. Nimengoja ipoe chini ya 40 ndiyo nikatia dondoo na kihifadhi. Nimepima pH, yaani kiwango cha asidi, 5. Halafu mtu anakuja na kidole. Kidole ambacho muda huohuo kilikuwa puani, nimekiona kwa macho yangu!

Namuuliza kasoro iko wapi, eti "umeweka kemikali, ya kwangu ni asilia tupu." Ya kwake ipi? Ute wa alovera, ambao karibu wote ni maji, kihifadhi hakuna, katia vitamini E akidhani inaua bakteria. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, basi! Losheni yake imeota ndevu kumzidi mwenyewe. Na huyo ndiye wa kujifuta kwenye pazia langu. PAZIA, wakuu.

Mzee wa Ungo: Pole mkuu. Ila tuseme ukweli, mwarobaini unanuka. Pua ya mtu haina kosa.

Dada Manjano: Pazia lilikuwa rangi gani?

Mleta uzi: Jeupe! Sasa lina alama ya kidole, ya kijani.

Dada Manjano: 😂😂 Shukuru hukuweka manjano.

Bin Mlonge: Uzi wote huu na picha hakuna. Weka picha ya losheni tuamue kama ni ya kupe.

Kinu na Mchi: Wako ana nafuu. Wangu alinishauri nijipake maji ya ndimu nikaote jua, "inatakatisha." Nilitoka malengelenge, yakaacha madoa ya kahawia mpaka leo watu wananiuliza nilimwagiwa nini.

Fundi Kopo: Na wale wa "mitishamba" inayong'arisha uso kwa siku tatu? Jani gani hilo? Humo mna haidrokwinoni au zebaki, kemikali za kuchubua ngozi, jani limechorwa kwenye lebo tu.

Bin Mlonge: Huyo si ndiye yuleyule wa pazia?

Fundi Kopo: Hapana, huyo mwingine. Wa pazia simfahamu.

Mleta uzi: Humfahamu vipi? Wote mnamjua!

Mzee wa Ungo: Kwa kuwa leo ni siku ya kulalamika: hizi chupa za pampu mrija haufiki chini. Losheni inabaki humo unaitazama tu. Nani alizibuni?

Kinu na Mchi: Mimi nazipasua kwa kisu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye pazia.

Bin Mlonge: @Kinu na Mchi kisu gani hicho? Yangu imegoma kabisa.

Kinu na Mchi: Cha meno meno. Anzia shingoni, usianzie kitakoni.