Barabara ya Mikumi: mpango ukihuishwa, malori yazuiwe usiku au la?

Mleta mada

Wakuu, kila picha ya mnyama aliyegongwa na gari kwenye Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ikisambaa tunapiga kelele siku mbili, wengine wanatukana madereva, wengine wanataka uzio, halafu kimya mpaka agongwe mwingine. Leo naleta hoja moja tu. Mpango wa usimamizi wa hifadhi ukifika wakati wa kuhuishwa (hii mipango ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kawaida ni ya miaka kumi kumi), zile kilomita 50 hivi za lami zinazokatiza katikati ya hifadhi ziandikiwe sura yake zenyewe, TANAPA, TANROADS (wakala wa barabara), polisi na LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) wote wasaini, na ndani yake kuwe na kitu kimoja kigumu: malori yasipite usiku wa manane kila mtu kivyake. Yasubiri kijiji cha Doma kwa anayetoka Morogoro na Mikumi mjini kwa anayetoka Iringa, yaachiwe kwa msafara gari la doria likiwa mbele.

Najua wengi mmeshakunja sura, ila nisikilizeni kwanza.

Alama zipo, mchana 70 usiku 50. Sasa pigeni hesabu. Kilomita 50 kwa spidi 70 ni kama dakika 43. Ukikimbia 100 ni dakika 30. Yaani anayevunja sheria mchana anaokoa dakika 13, ambazo atakuja kuzimaliza akisubiri chipsi mayai pale Mikumi mjini. Usiku kwa 50 ni saa moja kamili, ukitembea 90 unaokoa kama dakika 27. Ndo hizo dakika 27 tunazozilipia kwa nyati na twiga, na mara nyingine kwa watu, maana ukimpiga nyati na gari dogo usitegemee kushuka unajikung'uta vumbi.

Usiku ndo penyewe. Gari likiwa 80 linakula mita 22 kila sekunde, na taa ukizishusha kwa sababu kuna semi (lori la trela) inakuja mbele yako huoni mbali, nyati ni mweusi, ngozi yake hairudishi mwanga, unamuona ameshafika kwenye bonnet. Mchana abiria wote wana macho, mtu anapiga kelele "tembo hao!" na dereva anapunguza hata kama hakutaka. Usiku basi zima limelala.

Alafu kuna hili la barabara kumkatia mnyama eneo lake. Hifadhi ina kilomita za mraba 3,230, kaskazini kuna mbuga ya Mkata yenye maji na majani, kusini inaenda kuungana na iliyokuwa Selous, siku hizi Hifadhi ya Nyerere. Tembo hana habari na sera ya uchukuzi, akitaka maji anavuka. Kwa hiyo wanaosema tuweke uzio pande zote mbili wajue wanakata hifadhi vipande viwili, na Mikumi ya kaskazini peke yake ni zizi kubwa tu.

Kuna wale wa "barabara ilikuwepo kabla ya hifadhi". Sawa, ni kweli njia ya Morogoro–Iringa ilichongwa miaka ya 50, na ndiyo iliyowafikisha wawindaji Mkata kirahisi mpaka ikabidi eneo lilindwe, hifadhi ikatangazwa 1964. Lami ya TANZAM, yaani barabara kuu ya Tanzania–Zambia, ikaja mwanzoni mwa miaka ya 70 Zambia ilipokuwa inatafuta njia ya kwenda baharini bila kupitia Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Lakini magari ya wakati ule na foleni ya semi za leo zinazokwenda Zambia na Kongo ni vitu viwili tofauti.

Na sitaki tozo, niseme mapema. Hicho kipande ndio sehemu ambayo mama anayetoka Makambako na gunia lake la viazi anaona twiga kupitia dirisha la basi bila kulipa kiingilio. Uzuri wa hiyo safari hauishii pale, ukitoka Mikumi unaingia bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, unapanda Kitonga. Njia nzima hiyo ingekuwa nchi nyingine ingekuwa na sehemu za kusimama kutazama, vyoo, vibao vya maana. Sisi tuna maganda ya miwa.

Karibuni, matusi hapana.

Dereva wa Tunduma

Mkuu naona hujawahi kushika usukani wa semi hata wa kuazima. Unaniambia nilale Doma na mzigo wa watu, ninyonywe dizeli na wezi nikiwa nimelala, asubuhi tajiri anikate kwenye posho, wewe utanilipia? Kontena likichelewa bandarini ni pesa, likichelewa boda ni pesa, tajiri hajui mambo ya swala anajua gari limefika lini. Mimi Mikumi natembea 50 usiku, kweli kabisa, kwa sababu naogopa faini ya mnyama kuliko naogopa trafiki, ile bei iliyoandikwa kwa dola ukiisoma tu mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta. Wanaokimbia ni gari ndogo za wakubwa na mabasi yanayoshindana, mbona hao hujawaweka kwenye msafara?

Halafu hiyo ya kutupanga foleni, semi arobaini zimefuatana zimejaa barabara, anatokea wa V8, zile gari za wakubwa, nyuma anataka kuovateki zote kwa mpigo. Hapo umepunguza ajali au umeongeza?

Mtu wa kamera

Mnazunguka sana. Wekeni kamera mwanzo na mwisho wa hifadhi. Chukua muda gari linaingia, chukua muda linatoka, chini ya dakika 43 mchana au chini ya saa moja usiku, faini. Mkimaliza mnisalimie.

Mkazi wa Doma

Naomba na sisi wenyeji tusikike maana kila siku tunapangiwa. Sipingi maegesho, malori yakilala hapa mama lishe wanauza, vijana wanaosha magari, nyanya zetu zinapata wateja. Shida yangu ni pale watu wanapoleta neno "ushoroba", yaani njia ya wanyama kupita. Tangu sheria ya barabara ya 2007 eneo la barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tumeshapigwa X za kubomolewa za kutosha, wengine nyumba ilikuwepo kabla ya hiyo sheria. Sasa ikija mipaka mingine ya ushoroba wa wanyama juu ya hiyo, mwisho wa siku mtu ana kiwanja ila hana pa kuweka hata banda la kuku.

Na semi hamsini zikilala kijijini bila choo mnajua kinachotokea kwenye mashamba yetu. Nasema kwa heshima tu, ila mnajua.

Kijana wa SUA

Mada nzuri. Mimi nipo SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, niongeze mawili matatu maana suala hili limefanyiwa utafiti siku nyingi, kuna makala ya kisayansi ya 1995 iliyohusu wanyama wanaogongwa Mikumi ikiwatazama sana nyani. Nyani ni kesi ya peke yake. Wale hawavuki tu, wanakaa barabarani kwa sababu barabara inawalisha. Tazameni basi likipunguza mwendo kwenye matuta, dirisha linafunguka, ganda la ndizi linaruka, nyani wa kwanza anawahi, wa pili anamkimbiza mpaka katikati ya lami, na mama mwenye mtoto mgongoni anakuja wa mwisho kuokota kilichobaki. Gari la nyuma halina habari na hiyo sherehe. Mahindi yakidondoka kwenye lori ni vilevile. Na mzoga usipoondolewa mapema fisi anakuja kula usiku, nae anapigwa palepale.

Kingine ambacho watu hawakioni ni majani. Maji ya mvua yanatiririka kutoka kwenye lami yanaishia ukingoni, kwa hiyo kiangazi pembeni ya barabara kuna ukijani wakati kwingine kumekauka. Tukifyeka, yanachipua machanga, matamu zaidi. Unamwita swala mezani halafu unamlaumu amekuja. Ratiba ya kufyeka ni kitu cha kuandikwa kwenye huo mpango, hakina gharama ya ajabu.

Kufunga usiku kunawezekana. India hifadhi ya Bandipur wamefunga barabara yao usiku tangu 2009, saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, wanaruhusu mabasi machache na magari ya dharura. Kesi zimekwenda mahakamani na bado wamefunga. Ila wao wana njia ya kuzunguka. Sisi ya kuzunguka ni Moro–Dodoma–Iringa, umeongeza zaidi ya kilomita 200, na ile ya Ifakara inaanzia palepale Mikumi kwa hiyo haikusaidii. Kenya kwa upande wao walitengeneza njia ya tembo chini ya barabara kule Mlima Kenya, tembo wakaizoea, na reli yao ya SGR Tsavo imeachiwa nafasi za kupita chini. Mikumi nyingi ni tambarare, ukitaka tembo apite chini inabidi uinue barabara yenyewe.

Abiria wa Mbeya

Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe usiku maisha yetu yamebadilika jamani. Natoka Dar jioni nafika Mbeya asubuhi naingia ofisini. Kaka mleta mada usije ukaturudisha kule kwa kuamka saa tisa usiku kwenda stendi. Mbona basi lina VTS ya LATRA, kile kifaa cha kufuatilia mwendo, dereva akizidisha 80 inapiga kelele mpaka unakosa usingizi? Waiseti ipige kelele ikizidi 50 ukifika Mikumi, basi.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango, nijibu kwa pamoja.

Dada wa Mbeya, mimi nimesema malori. Basi lenye VTS lipite usiku kucha kwa 50 yake, na hilo la kuseti mfumo ubadilike ukiingia eneo la hifadhi ni zuri kuliko yote niliyoyasikia leo. Na wewe ndugu wa kamera, muda wa kuingia na kutoka naukubali, uandikwe, uhusu V8 kabla ya semi. Ila kamera inakuletea faini wiki ijayo, twiga kaanguka leo. Dereva wa nje ya nchi anayepita mara moja ukamtafute wapi baadae?

Kijana wa SUA, hilo la majani na mizoga ndo hasa nilichokuwa nataka, hakuna waziri atakayepiga picha akizindua ratiba ya kufyeka, kwa hiyo isipoandikwa haitafanyika. Nyani pia: faini ya kutupa chakula dirishani apewe kondakta. Abiria humpati, kondakta yupo kila siku, na ukimgusa mfuko atawasimamia abiria wake mwenyewe.

Doma, mita 30 zako nimezielewa. Sura ninayoisema iishie kwenye mipaka ya hifadhi, isitambae kijijini. Kama kuna ardhi ya maegesho itakayotakiwa inunuliwe kwa fidia kama kiwanja kingine, na choo kiwepo kabla ya lori la kwanza kulala.

Sasa mzee wa Tunduma. Hoja yako ya V8 kuovateki msafara ni nzito, na ndiyo maana msafara uwe wa gari kumi au kumi na tano, waachiane nafasi, doria mbele na nyuma, sio arobaini. Na sikuambii ulale mpaka asubuhi. Saa nne usiku mpaka saa kumi alfajiri wanatoka kila baada ya saa moja, utasubiri dakika chache au saa nzima kutegemea na bahati yako. Watu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wakifufua reli yao kwa hizo dola bilioni 1.4 za mkataba na Wachina pengine shaba itarudi kwenye behewa na mjadala huu upungue nguvu, lakini mimi sipangi mambo ya leo kwa treni ambayo bado inatengenezewa njia.

Dereva wa Tunduma

Sasa umeongea kama mtu mzima. Kila saa msafara, naweza kumuelewesha tajiri. Lakini mimi nina sharti, na wenzangu watasema hivyohivyo. Maegesho yawe na taa, uzio na mlinzi anayesaini gari langu likiingia na mafuta yakiwa kiasi gani. Mlinzi akisaini, dizeli ikipungua ni yake. Na tusilipishwe maegesho, maana mmetusimamisha nyie, hatujaomba kusimama. Likija tangazo la "shilingi kadhaa kwa gari kwa usiku" hapo tutapita mchana wote kwa pamoja, muone foleni ya kutoka Doma inaishia wapi.

Mkazi wa Doma

Hapo kwenye mlinzi na choo mimi nasaini. Ila mlinzi atoke kijijini.