Uliwahi kununua zulia la Kituruki la kufumwa kwa mkono? Tupeane uzoefu, mwenzenu nina wasiwasi nimepigwa

Mchuuzi wa Laleli (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mwezi uliopita nilikuwa Istanbul kufuata mzigo wa nguo Laleli. Kazi ikaisha Jumamosi, ndege Jumatatu usiku, nikasema Jumapili niende Sultanahmet nikauone ule msikiti wa buluu. Sijamaliza hata kuvaa viatu pale nje, kijana mmoja kanidaka: "Jambo rafiki! Tanzania? Kenya?" Kiswahili chake kiliishia hapo, ila kwangu kilitosha. Akanionyesha mitaa, akaniambia wapi chakula ni nafuu, hakuomba senti. Nusu saa baadaye nimekaa kwenye kochi la mjomba wake, mkononi kiglasi cha chai, vile vilivyobanwa kiunoni.

Chai ya kwanza ya tufaha. Ya pili ya rangi. Huku vijana wawili wanakunjua mazulia, moja juu ya jingine, wanalirusha linazunguka hewani kisha linatua, mpaka sakafu haionekani. Bei haitajwi. Naulizwa watoto wangapi, mama yuko mzima, biashara inaendaje. Ilipofika ya tatu nikajua humu sitoki mikono mitupu. Si mnajua tulivyolelewa, ukishakunywa cha mtu huwezi kusimama tu ukaondoka.

Nikachagua jekundu, karibu mita moja kwa moja na nusu, linang'aa kama maji. Mzee akasema hariri ya Hereke, mji wao unaosifika kwa mazulia ya hariri, tena la miaka 120, dola 2,400. Tukavutana hadi 900, "kwa sababu wewe ni ndugu". Wife hajui bei. Waliopita njia hii, nitajuaje kama ni la kweli?

Shemeji wa Tandale

900 hujapigwa mkuu, umechinjwa. Kariakoo yamejaa ya Kituruki, unabeba la sebule nzima na chenji ya daladala inabaki.

Mtanga wa Konya

Shemeji, hayo ya Kariakoo mengi ni ya mashine, mji wa Gaziantep ndiyo kwao. Mazulia mazuri tu, ila sicho alichouliza mwenzetu.

Nasoma Konya, hukuhuku Uturuki, mwaka wa nne. Mama mwenye nyumba yangu ya kwanza, bibi wa miaka sabini na kitu, ana kitanda cha kufumia kimesimama ukutani jikoni. Nilikuwa nakaa naye asubuhi. Anachukua kipande cha uzi wa sufu, anakizungusha kwenye nyuzi mbili za mtande, zile za wima, anavuta chini, kisu kwenye kidole kinakata: tik. Tena. Tena. Macho hayapo hata kwenye zulia, yapo kwenye tamthilia. Akimaliza mstari anapitisha mshindio, uzi wa kulala, anaugonga kwa chanuo zito la chuma, kirkit wanaliita, vyombo vyote kabatini vinatikisika. Mpaka adhuhuri kazi imepanda upana wa vidole viwili. Ukishaona hivyo huwezi kumcheka mtu aliyelipa pesa nyingi, unauliza tu pesa imemfikia nani.

Mleta uzi, fanya hivi. Ligeuze. La mkono, ua unaloliona mbele utaliona na nyuma, na mafundo hayalingani kama ya mashine. Kisha tazama matamvua. Kwenye la mkono ni ncha za mtande wenyewe, zimetoka ndani ya zulia. Ukikuta yameshonewa pembeni kama pindo la pazia, umeuziwa la mashine.

Na hiyo miaka 120 futa. Vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 havitoki nchini hivi hivi, lazima karatasi ya makumbusho. Kama ni kweli, mzee alikuwa anakutuma uwanja wa ndege ukakamatwe. Hakuwa na nia hiyo, alikuwa anapamba hadithi.

Bi Kibokoni

Mie niko Mombasa, nilikwenda na marehemu mume wangu 2014. Nilimwambia mapema: baba, chai tutakunywa na hatununui. Akacheka. Duka la kwanza tumekunywa, tumeshukuru, tumetoka. La pili vivyo hivyo. Wauzaji hawakukasirika hata kidogo! Kwao chai ni chai, anayepita barabarani pia anapewa. Ni sisi tunaojifunga deni wenyewe.

La tatu lilikuwa uchochoro wa Arasta, nyuma ya huo msikiti wa buluu. Nikapenda kilim. Kwa wasiojua, kilim haina manyoya, imefumwa bapa kama mkeka, nyepesi, yaingia begini. Nikaomba kitambaa cheupe, nikakitia maji, nikaisugua pale penye wekundu. Muuzaji kanitazama, kisha akaniambia, "Mama, hii usinunue," akaikunja mwenyewe akaleta nyingine. Hiyo ya pili kitambaa kilibaki cheupe. Dola 140, mpaka leo naswalia juu yake.

Kaka Mizigo

Ya kwangu fupi. Nilinunua kubwa, nikaambiwa usihangaike kubeba, tutakutumia mpaka mlangoni. Likafika Dar kweli, baada ya miezi miwili. Rangi ileile, ua lilelile, lakini pembeni kulikuwa na alama ya kiraka niliyoipigia picha dukani. Hili halina kiraka. Jipya! Nililipia kuukuu nikaletewa jipya la bei ya chini. Juu yake ushuru na VAT asilimia 18. Siku hizi hata ningenunua la msikiti mzima ningelibeba kichwani. Au saini yako iwekwe nyuma ya zulia kwa kalamu ya wino mbele ya muuzaji, wenzangu wananiambia wanafanya hivyo na hakuna anayekataa.

Mchoma Uzi

Mleta mada chomoa uzi kwenye matamvua uuchome. Hariri inanuka nywele zilizoungua, pamba inanuka karatasi, plastiki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Dakika moja unajua mbivu na mbichi.

Mtanga wa Konya

Ngoja, usichome matamvua tu ukatoa hukumu. Matamvua ni mtande, na mazulia mengi halali ya sufu mtande wake ni pamba. Ng'oa unyoya mmoja upande wa nyuma, huo ndio wa kuchoma. Ila kwa Hereke la hariri kweli vyote viwili vinapaswa kuwa hariri. Lile la kawaida lina mafundo kumi kwa kumi kwenye kila sentimita, mita moja ya mraba ni mafundo milioni moja. Piga hesabu bei yake uone kama 900 inaingia.

Mwana wa Malindi (Unguja)

Mnazungumza moto, mimi nizungumze nondo. Baba yangu aliletewa la sufu kutoka Izmir na baharia rafiki yake. Tukalithamini hata kulikanyaga haturuhusiwi, likakunjwa likawekwa juu ya kabati. Idd ya tatu kulifungua, linamwagika kama unga wa mbao. Nondo wamefanya karamu humo ndani, na unyevu wetu huu umewapikia. Sufu inataka kukanyagwa, kukung'utwa na kuanikwa. Likikaa kiza na joto ndiyo basi. Bibi alisema tungeweka karafuu. Alisema baada ya kulizika.

Shemeji wa Tandale

Swali: mbona wote mnauziwa Sultanahmet? Si kuna lile soko kubwa lenye paa?

Bi Kibokoni

Kapalıçarşı Jumapili imefungwa mwanangu. Wapambe wanalijua hilo, ndiyo wanamngojea mgeni msikitini.

Mchuuzi wa Laleli

Nimerudi wakuu. Nilisubiri wife aende kwenye kikao cha harusi.

Nimegeuza. Ua linaonekana nyuma safi kabisa, na kuna mahali mstari umepanda kidogo kama mfumaji alihama mkono. Matamvua yametoka ndani. Hapo nikapumua.

Nikachoma uzi wa matamvua: karatasi. Nikakumbuka maneno ya Konya, nikang'oa unyoya nyuma kwa kibanio cha nyusi, nikachoma: karatasi tena. Nimerudia mara nne kwa sababu sikutaka kuamini. Kwa hiyo ni nini hiki?

Mtanga wa Konya

Ni la mkono, hilo hujadanganywa. Ila ni pamba iliyotiwa dawa ing'ae, floş wanaiita. Mengi yanafumwa mji wa Kayseri. Mama aliyelifunga alikaa kitako kama yule bibi yangu, mafundo ni yaleyale. Tatizo ni neno hariri na neno Hereke. Lifurahie, ila usilifue kwa maji mengi na usiliweke penye jua kali, mng'ao unakufa. Na bei, samahani, ulilipa mara kadhaa ya thamani yake.

Mchuuzi wa Laleli

Nimekubali. Tena nikikumbuka, mimi ndiye niliyetaja hariri kwanza. Nilimuuliza, "Hii ni hariri?" Mzee akakaa kimya kidogo, akanimiminia chai.

Sasa balaa jingine. Wife karudi mapema, kasimama mlangoni anauliza mbona sebule inanuka karatasi iliyoungua. Nimemwambia nilikuwa nachoma risiti za zamani.

Mchoma Uzi

Na ile ya 900 ichome kweli mkuu, kabla hajaiona.