Waliowahi kuona majogoo au mafahali wakipiganishwa, tupeane uzoefu

mzee_wa_keko
Wakuu, juzi nakatiza Mbagala nasikia kelele nyuma ya banda la chipsi, nikajua watu wanaangalia mpira. Kusogea, kumbe majogoo wawili wa kuchi, ile mbegu ya kupigana, wanatoana roho katikati ya duara na noti zinapita mkono kwa mkono. Nikakumbuka mbali. Kwetu Keko enzi zile ilikuwa Jumapili asubuhi, mtu anapita na jogoo kwapani na watoto wote wanamfuata. Ulishaona nini? Majogoo, ng'ombe wa Pemba, chochote. Halafu mniambie, hii ni mila au ni kamari iliyovaa kanzu?

dada_tabata
Kamari. Uzi ufungwe.

kuchi_original
Dada taratibu. Kuchi kaumbwa hivyo: shingo ndefu, mguu mrefu, kifua kimejengeka, upanga mdogo wa kichwani usioshikika. Waache majogoo wawili banda moja, asubuhi unamkuta mmoja. Mimi nafuga na kuuza mbegu, sipiganishi.

dada_tabata
Wakigombana bandani ni wao. Ukiwashika ukawasogezea midomo ili wapandishe hasira, huyo ni wewe.

mtoto_wa_buguruni
+1 kwa dada.

Mimi kilichonitoa hamu si pambano, ni mapumziko. Jogoo alikuwa anakoroma, damu imemjaa kooni. Mwenyewe akachomoa unyoya wa bawa, akaulowesha, akauingiza kooni kwa jogoo akauzungusha, ukatoka na utando mwekundu. Akafuta unyoya kwenye suruali. Akanywa maji, akampulizia kichwani, akamrudisha. Jicho moja lilikuwa limeshafumba. Yule mwingine alikuwa amechongwa kipi cha mguuni mpaka kimekuwa msumari. Watu wanashangilia, mimi nawaza supu haipiti leo.

mpemba_ilala
Asalaam aleykum. Naona watu wa Bara mnahangaika na kuku. Ngojeni niwape ya ng'ombe.

Kwetu mchezo unakuja kipindi cha jua, kabla ya masika. Kengeja, Chwale, na vijiji vingine. Ng'ombe anafungwa kamba ndefu, vijana wanaingia na vitambaa kumchokoza, ngoma inapigwa, wanawake wanaimba wakimtaja kila anayeingia, shujaa kwa sifa na mwoga kwa kejeli. Na ng'ombe HAUAWI. Jioni anarudi zizini anakula majani. Wanasema tumeachiwa na Wareno. Wareno walitolewa ngome ya Fort Jesus, Mombasa, 1698, wakaondoka na panga zao, sisi tukabaki na ng'ombe.

Sasa mjomba wangu. Si mchezaji, ni mpanda mikarafuu. Ila katika waimbaji kulikuwa na binti mmoja, na binti akaimba kuna wanaume siku hizi wanatazama mchezo juu ya mti. Na mjomba alikuwa juu ya mwembe. Akashuka! Tukamshika shati, likabaki mikononi. Akachukua kanga ya shangazi, akaingia. Mara ya kwanza ng'ombe akapita, watu wakapiga vigelegele. Mara ya pili akapita, mjomba akageuka kumtazama binti. Hapo ndipo wenye kamba wakateleza.

Pembe iliingia pajani, juu ya goti. Akanyanyuliwa, nikaona nyayo zake zikitazama mbingu, kisha kishindo. Ng'ombe akarudi kumkanyaga, wanaume wakamrukia mkiani, mmoja akamfunika uso kwa koti. Damu iliyokuwa pale sijaiona tena maishani. Tulimfunga paja kwa ileile kanga tukambebea juu ya mlango wa nyumba, maana kitanda hakikupatikana. Na ngoma haikusimama. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko pembe.

mtoto_wa_buguruni
Duh. Alipona??

mama_junior_kigamboni
Na binti??

mpemba_ilala
Alipona, anachechemea. Mwaka uliofuata alikuja mchezoni. Ng'ombe naye alikuja, bei imepanda.

mwanasheria_mtaa
Pole ya mjomba. Ila tusipambe. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008, inakataza ukatili kwa mnyama. Ukikamatwa na kuchi wako usije kusema mila.

mpemba_ilala
Hiyo ni yenu Bara. Mifugo si jambo la Muungano, shekhe.

mwanasheria_mtaa
Maumivu ya ng'ombe nayo si ya Muungano?

mpemba_ilala
Wewe nyama ya Vingunguti unakula au huli? Wetu anarudi nyumbani, wako anarudi kwenye mfuko.

dada_tabata
Anayechinja anataka amalize haraka. Nyie mnataka ng'ombe akereke mpaka magharibi. Si mamoja hata kidogo.

mwalimu_ubungo
Msigombane, wenzenu wamegombana zaidi. Jimbo la Katalonia kule Hispania walipiga marufuku mchezo wa mafahali 2010, Hispania yenyewe ikatunga sheria 2013 kuuita urithi wa utamaduni, na 2016 Mahakama ya Katiba ikaifuta marufuku. Kolombia nao 2024 wamepitisha marufuku itakayokamilika 2027. Kule fahali anachomwa upanga mbele ya watu, kwa hiyo Pemba msijiweke fungu moja nao. Na msijitoe kabisa pia.

shemeji_wa_kakamega
Mimi nimeoa Kakamega, Kenya. Huko ni fahali kwa fahali, ngoma ya isukuti inapigwa alfajiri, na anayekimbia kashindwa, basi. Cha hatari ni sisi mashabiki: fahali akikimbia anapita pale ulipo. Ushauri wangu, vaa raba.

laigwanan_wa_mjini
Wamasai wa Kenya walikuwa wanaua simba kupima ujana. Tangu 2012 wana michezo yao kule karibu na Amboseli: mbio, kurusha rungu, kuruka juu. Ujana unapimwa bila mnyama kufa. Inawezekana.

mtoto_wa_buguruni
Sasa kuchi tuwafanyishe mbio za mita mia?

mama_junior_kigamboni
Jamani mnaojua kuku, jogoo wangu kapigana na wa jirani (sikumpiganisha mimi!), kichwa kimevimba, jicho halifunguki. Nifanyeje?

kuchi_original
Mtenge peke yake, msafishe kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, kisha ile dawa ya kupuliza ya bluu ya duka la mifugo. Machoni usipulize.

shemeji_wa_kakamega
Majivu.

dada_tabata
Majivu kwenye jicho?! Muite daktari wa mifugo, mama.

mtoto_wa_buguruni
Maji yachemshwe, tangawizi, ndimu, pilipili. Anapona wote nyumbani.

mzee_wa_keko
Wakuu, tumetoka kwenye mada. Niliuliza mila au kamari.

mama_junior_kigamboni
Mzee subiri. Mpemba, binti aliyeimba, mjomba alimwoa au hakumwoa?

mpemba_ilala
Kaolewa Wete na mwenye ng'ombe.

kuchi_original
Kuna anayetaka mbegu? Vifaranga vya mwezi mmoja, Mbezi, maongezi yapo.