Waogiek walishinda kesi Arusha. Je, Kenya iwaombe radhi?

Mleta mada: Jamani, tuliosoma Nakuru tuliwaita "Wandorobo" bila kujua tunatukana. Neno limetoka kwa Wamaasai: asiye na ng'ombe, yaani fukara. Wenyewe ni Waogiek, warina asali wa msitu wa Mau.

Oktoba 2009 Serikali ya Kenya iliwapa siku 30 wahame msituni. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 wakashinda, Mahakama ikiwatambua kuwa jamii asilia. Juni 2022 Mahakama ikaagiza Kenya iwalipe shilingi 157,850,000 na iwape hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Ila ombi lao la kuombwa radhi hadharani lilikataliwa, eti hukumu yenyewe yatosha. Hapo ndipo ninapokwama. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa tena kule Sasimwani, Narok. Aliyekiri kosa harudii hivyo. Mimi nasema radhi ingetangulia, hela zifuate. Mnaonaje?

Wa Bomet: Radhi hailimwi wala haichungiwi. Machi 2015 Uhuru Kenyatta, akiwa Rais, aliomba radhi bungeni kwa dhuluma za serikali zote zilizotangulia, akaahidi mfuko wa bilioni 10. Je, ilizuia tingatinga? Watoe hati. Halafu tusisahau Mau ndiyo chanzo cha mto Mara. Watu wakirudi msituni, sisi wa chini tutakunywa nini?

Mrina Asali: Hoja hiyo ya msitu Serikali iliipeleka Arusha ikagonga mwamba. Nani aliumega Mau mwaka 2001 na kuwagawia watu? Si Mwogiek. Akiumaliza msitu, mzinga atautundika wapi, kwenye nguzo ya stima?

Msomaji tu: Mimi nina shaka na hili neno "jamii asilia". Sote hapa ni Waafrika. Kesho kila kabila litadai msitu wake.

Mleta mada: Msomaji, Mahakama haikusema wengine ni wageni. Ilitazama nani alitangulia kuishi pale, nani ameshika mila zake, anajitambuaje, na ametengwa kiasi gani. Si kila kabila litapita hapo.

Wa Bomet, kwa Uhuru umenibana. Lakini ile ilikuwa radhi ya nchi nzima kwa mpigo, tena bungeni. Mimi naitaka ya Mau kwenyewe, mbele ya wazee, kwa lugha yao, na hati ikiwa mkononi mwa anayeomba.