Naomba ushauri: kuongeza vyumba nyuma ya nyumba ya zamani, Moshi

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Familia yetu ina nyumba ya enzi ya Wajerumani hapa Moshi, yenye kuta nene za mawe yaliyojengewa chokaa na baraza mbele, nasi tunahitaji jiko, bafu na chumba cha mama, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi.

Tumekubaliana uso wa mbele usiguswe. Nyongeza itakaa nyuma, paa lake likiwa chini ya lile la zamani, na itaunganishwa kwa ushoroba mwembamba ili kona za mawe zibaki zikionekana. Fundi alipendekeza kupiga plasta ya saruji kote ili "zifanane". Nilikataa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na tayari chini ya dirisha la nyuma chokaa inamomonyoka ukipitisha kidole tu. Mchoraji naye ameleta paa bapa, ambalo kwa masika ya huku sina imani nalo.

Naomba kujua: kwa kuwa msingi mpya utatitia tofauti na wa zamani, ukuta wa tofali niuunganishe na wa mawe kwa nondo, au niache mwanya? Na je, kibali cha manispaa kinatosha, au nipitie pia kwa watu wa Mambo ya Kale?

Natanguliza shukrani.